Nondo za Chini

Jumatatu, 3 Novemba 1975

Mvua imeanza, na Mhandisi naye ameanza. Kaletwa na Landrova akiwa na sanduku moja, mwavuli mmoja na michoro iliyoviringishwa ndani ya nailoni. Anaitwa Nicodemus, mtu wa Bukoba, kasomea ng'ambo. Alinisalimia kwa mikono miwili. Mtu wa cheo chake anayemshika mtunza stoo kwa mikono miwili, kuna kitu anakitaka stoo.

Mimi niko hapa Nyarubira, upande wa Busunzu, tangu Julai, natunza vifaa vya wodi mpya ya wazazi. Kijiji chenyewe ni kipya. Watu walihamishiwa hapa mwaka jana na bado wanaulizana njia ya kisimani. Fundi mkuu, Dadi, ni wa Ujiji kama mimi, tena mtaa mmoja, na hilo linanipa usingizi: angalau mmoja namjua mama yake. Mke wangu Shamsia ana mimba ya miezi minne. Ya kwanza iliharibika juu ya lori lililokwama matopeni karibu na Makere, tukikimbilia hospitali. Safari hii ameapa kujifungulia hapahapa, wodi iishe isiishe. Kwa hiyo jengo hili silitunzii serikali peke yake.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua. Saruji tumeipandisha juu ya magogo. Hakuna kilichopotea.

Jumanne, 18 Novemba

Nilijua. Nilijua tangu ile mikono miwili.

Wodi ina milango miwili, wa mbele na wa nyuma, na juu ya kila mlango mchoro unataka kipaa cha zege kinachotokeza ukutani bila nguzo, kina mama wakae chini yake wasinyeshewe. Kila fundi anajua kipaa cha namna hiyo kinataka kuinama, kwa hiyo nondo zake hulazwa juu, zikishike mgongo kisidondoke. Dadi analijua hilo kuliko dua ya kula. Leo Mhandisi amesema tulaze za juu, halafu tulaze nyingine chini. Nene vilevile.

Dadi akamuuliza za chini zinabeba nini. Mhandisi akajibu, "Siku nyingi hazibebi kitu."

Ndivyo alivyosema, mbele ya watu. Nondo zisizobeba kitu, na zimekwisha agizwa, na nchi nzima inalilia nondo. Jioni Dadi alikuja kwangu, tukanywa chai yetu. Hakuna aliyetaja jina la mtu.

Ijumaa, 28 Novemba

Sasa ni bolti. Anataka bolti zipandwe kwenye mkanda wa zege juu ya kuta, kila hatua moja, zije kufunga mbao za paa. Paa letu ni la vigae, kutoka tanuri la Kasulu. Nikamwambia kwa adabu kwamba upepo huchukua bati, mimi sijaona kigae kinapeperuka. Kitu kizito hakifungwi kamba. Nikamwonyesha stoo yangu: bati zake hazina hata msumari, maana misumari haipatikani, nimezilalia mawe, kama wafanyavyo wenyeji wenye bati, na tangu Julai hazijasogea.

Aliyatazama yale mawe muda mrefu. Akaniuliza meza yangu iko upande gani. Nikamwambia iko chini yake hasa, kwenye mwanga wa mlango. Akasema niihamishe.

Sikuihamisha. Anataka nikae nyuma nisione nani anatoka na nini.

Jumamosi, 13 Desemba

Idi. Tumeswali kwa Mzee Khatibu mwenye duka. Mhandisi, Mkristo wa watu, kaleta kuku. Shamsia kampokea kwa furaha. Mimi nilikula paja moja tu.

Jumatano, 7 Januari 1976

Tumemwaga kipaa cha mbele. Kijiji kizima kilijitolea, karai kwa karai, mkono hadi mkono kutoka mtoni, kina mama wakiimba Kiha. Mhandisi alikaa juu ya mbao tangu asubuhi, mvua ikimnyeshea, akizuia watu wasizikanyage nondo. Juu safu moja, chini safu moja, kama alivyotaka. Nilizihesabu zilipotoka stoo, nikazihesabu zilipolazwa. Zilitimia.

Hakuna kilichopotea hata siku moja tangu aje, na hilo ndilo linalonitia shaka zaidi. Mwizi mdogo huiba misumari. Mkubwa husubiri.

Jumapili, 11 Januari

Mhandisi kaja nyumbani bila kuitwa. Shamsia alikuwa uani akipepeta maharage pamoja na Mama Kezia, mkunga wa hapa, Muha wa Busunzu aliyezalisha watu hadi wajukuu wao. Nadhani Mhandisi alikwisha sikia maneno yanayosemwa, maana hakuzunguka.

Akasema watu wengi, hata wenye vyeti, hujenga wakiogopa tetemeko litakalousukuma ukuta kando. Wanasahau kwamba ardhi pia hupanda na kushuka. Akauomba ungo wa Shamsia. Akaurusha, maharage yakaruka. Akausimamisha kidogo hewani, akaniambia nitazame.

"Yakiwa juu pale, Bwana Hilali, yana uzito gani juu ya ungo?"

Nikasema hayana, yameuacha. Yakashuka kwa kishindo. Akauliza, na sasa? Nikasema sasa yameuelemea. Akasema basi ndivyo, uzito wa jengo si kitu cha kukitegemea. Ardhi ikipiga kutoka chini, paa zito huwa jepesi, halafu huwa zito mara mbili. Kipaa kisicho na nguzo ndicho huteseka zaidi. Kikirushwa juu kinapinda kinyume, na tumbo lake ndilo linalovutwa. Zege tupu haliwezi kuvutwa, linapasuka. Za chini ni za siku hiyo.

Mama Kezia akasema, "Ego, ndivyo. Hapa kwetu ardhi haitembei, baba, inaruka. Mimi nikiwa binti chungu kilitoka mafigani."

Mhandisi akaondoka. Shamsia kasema yule ni mtu mkweli. Nikamwambia hata mganga huwa na ungo.

Jumatatu, 19 Januari

Nimezungumza na Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Hatungimana. Sikumsingizia mtu. Nilisema tu kwamba zipo nondo ambazo mwenyewe alikiri hazibebi kitu, na zipo bolti za kufunga kitu kizito, na mimi ni mtunza stoo, nikikaa kimya nitaulizwa. Dadi, niliyekwenda naye, aliongeza kwamba lisemwalo lipo. Mwenyekiti akasema atalifikisha kwa wakubwa.

Nimelala vizuri.

Ijumaa, 30 Januari

Wakubwa wamemwita Mhandisi Kigoma akajieleze. Alipopanda gari alinipungia mkono. Sikujua niuweke wapi wangu.

Jumanne, 10 Februari

Mvua ilipumzika, tukamwaga kipaa cha nyuma bila kumsubiri. Dadi alisema nondo za juu, basi. Za chini zimebaki stoo, zimefungwa kamba, ziko salama. Kipaa kimetoka kizuri, chembamba, kimenyooka. Shamsia amekipenda kuliko cha mbele kwa kuwa kinatazama mlima na asubuhi kinapata jua. Mwenyekiti ameagiza benchi liwekwe hapo kwa ajili ya wanaosubiri kujifungua.

Jumamosi, 21 Februari

Mhandisi karudi. Hakukutwa na kosa. Hakwenda nyumbani kuoga, alikuja moja kwa moja kwenye jengo, akasimama chini ya kipaa cha nyuma na matope yake.

"Za chini ziko wapi?"

Nikamjibu ziko stoo. Zote.

Nilidhani atafoka. Alikaa kwenye benchi akavua kofia. Akasema kibomolewe. Mwenyekiti, aliyekuwapo, akasema nguvu ya wananchi haibomolewi, na kuanzia hapo watu wakajaa na ikawa kelele. Ilipoisha, Mhandisi hakuwa na mtu upande wake isipokuwa Mama Kezia, naye hana kura.

Akaomba miti mitatu minene. Akaisimamisha mwenyewe chini ya kipaa kwenye ukingo wa mbele, akaigongea kabari. Dadi alicheka mpaka akakaa: kipaa kimepewa mkongojo kabla hakijazeeka. Mimi nikauliza, kwa kejeli, nakiri, kama ardhi itakirusha juu kama maharage, miti iliyo chini yake itakizuiaje?

Akasema haitakizuia kupasuka. "Itakipokea kikirudi."

Kisha akanivuta kando, akaniambia maneno ninayoyaandika hapa kama yalivyo. "Bwana Hilali, unanishuku. Sikatai, ndiyo kazi yako. Ila hiyo shaka yako igawe. Nusu nipe mimi, nusu lipe zege. Miti hii nakukabidhi wewe, iandike mali ya stoo. Mchawi mpe mwana alee."

Nimeiandika mali ya stoo. Mali ni mali.

Jumanne, 2 Machi

Amehamishwa. Mtwara, wanasema. Hakukutwa na kosa, lakini kijiji kikikukataa huna kazi nacho. Ameondoka na sanduku lilelile na mwavuli uleule. Nilimtazama akipakia. Nilitegemea sanduku litakuwa zito. Alilinyanyua kwa mkono mmoja.

Jumatano, 10 Machi

Mvua. Mvua. Barabara ya Kasulu imekatika. Shamsia miguu imevimba.

Alhamisi, 18 Machi

Barabara imefunguka. Nimetoka Kasulu na lori la vigae. Nilikaa nyuma na mzigo, maana mimi mzigo siuachi.

Tulipakia mafungu mawili. La mbele tulilifunga kwa kamba, kamba zikatuishia. La nyuma likaachwa huru, na ni mimi niliyesema liachwe, kwa kuwa ni zito. Baada ya Makere barabara ni mashimo matupu. Lori halikuyumba sana. Lilikuwa linapanda na kushuka. Nikawa naliona lile fungu la nyuma likiachana na ubao: kidole kimoja cha mwanga chini yake, halafu pwa. Kidole cha mwanga, halafu pwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nauacha ubao na kuurudia, na nina kilo zangu.

Lililofungwa limefika zima. Lile zito nimelipakua kwa koleo.

Nimekaa na hili tangu jioni. Sitaki kuliandika, lakini naliandika: nilipokuwa juu ya lori nilimkumbuka yule mtu na ungo wake, na niliona haya mbele ya vigae.

Ijumaa, 26 Machi

Dadi ameanza paa. Mbao zimeingia kwenye zile bolti vizuri. Alitaka kuziacha bila nati, akidai zitamchelewesha. Nikasimama chini mpaka akazikaza zote. Akaniuliza nimekula nini.

Alhamisi, 1 Aprili

Zahanati ya muda inavuja, kwa hiyo Mama Kezia amewahamishia wazazi wodi mpya kimyakimya kabla ya sherehe. Leo asubuhi nilimkuta Shamsia kwenye benchi la nyuma na wenzake, wakisukana na kucheka. Nikasema wahamie mbele. Wakauliza kwa nini, mbele hakuna jua. Nimelihamisha benchi mwenyewe. Saa nne lilikuwa limerudi.

Maisha yangu yote nimeshuku watu: wachukuzi, madereva, wenye vyeti. Sijawahi kulishuku jengo. Sasa nalizunguka lile zege kama askari, naligusa, nalisikiliza. Kwa macho halina dosari. Na yule mtu naye kwa macho hakuwa nayo, lakini sikumwamini. Hili nililiamini kwa siku moja tu ya kulimwaga.

Alhamisi, 8 Aprili

Sherehe ni keshokutwa, mgeni anatoka Kigoma. Mwenyekiti amefunga mlango wa mbele kwa kufuli na kuondoka na ufunguo, sakafu isichafuliwe. Wagonjwa wanapita nyuma.

Alasiri Dadi akaja na shoka. Katumwa aondoe ile miti mitatu, haipendezi, mgeni atadhani jengo ni bovu. Nilikuwa nimesimama mbele ya miti kabla sijajua nimesimama.

Nikamwambia miti ni mali ya stoo na haitoki bila sahihi yangu. Akacheka. Nikarudia. Akaacha kucheka.

"Hilali, ndugu yangu. Yule Mhaya wako keshaondoka. Sasa unamshuku nani?"

"Nalishuku zege," nikasema. "Na mimi."

Akaniambia nimeanza kuchanganyikiwa na mimba ya mke wangu. Akaniambia mtu wa Ujiji hamsimamishi mwenzake mbele ya Waha. Mwenyekiti akaitwa, akanitishia kunishtaki kwa kuhujumu sherehe. Nikasema anishtaki, ila karatasi ya kuitoa miti sitaitia mkono. Mwisho wakakubaliana kuifunika kwa migomba na maua. Dadi hajaniaga.

Shamsia ameanza kuumwa. Mama Kezia kamchukua.

Jumamosi, 10 Aprili

Sherehe haikuwapo.

Jana asubuhi, jua lilikuwa limetoka, nilikuwa natoka stoo kwenda kumpelekea Shamsia uji. Sikutikiswa. Nilipigwa kutoka chini, kama mtu aliye darini anapogongwa nyayo kwa mchi. Miguu iliiacha ardhi. Uji uliniruka usoni. Nyuma yangu nikasikia mawe ya stoo yakidunda juu ya bati, moja, mengi, na bati zikafunguka na yale mawe yakaingia ndani. Kubwa kuliko yote limeivunja meza yangu, pale kwenye mwanga wa mlango.

Hayo niliyaona baadaye. Macho yangu yalikuwa kwenye wodi. Paa lilinyanyuka na kuta zikaenda nalo, likarudi na kuta. Vigae vililia vyote pamoja, vikanyamaza, vimekaa. Kipaa cha nyuma kilipanda. Sikuzoea kuona zege likipanda. Kikakatika pale kilipoungana na ukuta, tumboni kwanza, mlio wa mfupa, na ardhi iliposhuka kikashuka chote. Migomba ya sherehe ikabanwa. Mti mmoja ukapasuka. Miwili ikakipokea mbele, ukutani kikabaki kimeshikwa na nondo za juu.

Mlango wa mbele ulikuwa na kufuli. Shamsia alikuwa ndani.

Nilipiga kelele wasitoke, halafu nikapiga kelele watoke, sijui ni ipi waliyoisikia. Mama Kezia alitoka wa kwanza, kinyumenyume, amemshika Shamsia kwapani, na mwanamke mwingine nyuma yao na blanketi. Walipita chini ya lile zege wameinama, kwenye nafasi iliyoachwa na miti miwili, na vumbi jeupe lilikuwa linamdondokea mke wangu kwenye kanga. Nilishika mti mmoja kwa mikono yote miwili. Ni upuuzi, mtu hashiki tani, lakini niliushika mpaka wa mwisho akapita.

Shamsia kajifungulia kwenye nyasi nyuma ya jiko, kabla ya adhuhuri. Mtoto wa kike, mzima, ana sauti. Mama Kezia alipomfuta aliniuliza jina, nikasema Kudra, wala hatukuwa tumepanga. Nililia mbele ya watu na sikujali.

Jioni nilikwenda mlango wa mbele, Mwenyekiti alipoufungua. Kipaa chake kipo. Kina ufa mwembamba kama unywele, chini, mahali ambapo siku nyingi nondo hazibebi kitu.

Jumatano, 14 Aprili

Dadi alikuja kumwona mtoto. Kaleta sabuni. Hatukusema lolote la ujenzi.

Jumanne, 4 Mei

Mvua imekwisha. Tumelibomoa zege la nyuma kwa nyundo, wananchi walewale waliolibeba, hakuna aliyeimba. Mwenyekiti alipiga nyundo ya kwanza, na kwa hilo nampa heshima yake.

Leo tumelaza nondo upya. Nilizitoa za chini mwenyewe, begani, safari kwa safari. Dadi alikuwa amepiga magoti kwenye mbao, akaninyooshea mkono bila kunitazama.

"Zilale umbali gani kutoka chini?"

Nikamwambia alivyokuwa akisema Bwana Nicodemus: upana wa vidole viwili. Akalaza. Hakuuliza zinabeba nini.

Usiku huu nimemwandikia Bwana Nicodemus huko Mtwara. Nimeandika kwamba tetemeko lilikuja kutoka chini, kwamba paa limekaa, kwamba mti mmoja ulipasuka na miwili ikapokea, kwamba tuna mtoto, na kwamba nondo za chini zimetoka stoo leo, zote, hakuna iliyopungua. Nikamsomea Shamsia. Alikuwa ananyonyesha, akasikiliza hadi mwisho.

"Na kwamba ni wewe uliyemsema kwa Mwenyekiti," akauliza, "umeandika?"

Sikuwa nimeandika. Nimechukua karatasi nyingine.